Mkono wa Mwenzi: Habari za Robin Szolkowy, Bingwa wa Kuteleza Juu ya Barafu



Leo twataka kuwasimulia habari za mchezo usiojulikana katika milima yetu ya Uluguru, kwa sababu huchezwa juu ya barafu. Huko juu Lukwangule kuna ukungu na baridi ya kuingia mifupani, na Mgeta, asubuhi za mwezi wa Julai, mtu hujifunika blanketi hata jua likiwa limekwisha kutoka. Lakini barafu ya kukanyagwa hatuna. Hata hivyo twajua mambo mawili yatakayotusaidia kuufahamu mchezo huu. Twajua utelezi, na twajua maana ya kumchukua mtu katika utelezi.

Fikirini njia ya kushuka kutoka milimani wakati wa masika. Udongo mwekundu umelowa, na jiwe lililokuwa imara jana leo halina mashiko. Katika nyumba moja yupo mama ambaye uchungu wa kuzaa umemzidi, na gari haliwezi kufika. Basi watu hufunga machela, wakamlaza mama, wakamchukua mabegani hata barabarani. Achukuaye mbele haoni uso wa mwenzake wa nyuma, walakini kila hatua ya mwenzake huisikia begani. Mmoja akiharakisha, wa pili hupepesuka. Mmoja akianguka, waanguka wote, na mgonjwa pamoja nao. Wale wanaoifahamu kazi hii hawasemi sana njiani. Wamekwisha kuzoeana.

Basi ule mchezo wa barafu wa watu wawili, mwanamume na mwanamke, ni jamaa ya machela hiyo, ingawa huko ni mchezo na huku ni uhai wa mtu.

Sababu ya kuchagua habari hizi ni hii. Wanafunzi wetu walisoma ya kwamba yuko bingwa wa Ujerumani, aliyeshinda dunia nzima mara tano katika mchezo huo, ambaye baba yake ni Mtanzania. Mara wakagawanyika. Wengine walisema, "Huyu ni wetu, tujivune." Wengine wakasema, "Si wetu hata kidogo. Hakuzaliwa hapa, hakukulia hapa, wala hatukumpa hata kiatu." Maneno yakawa makali, wakatujia tuwaamulie. Nasi tuliwaambia, "Hukumu haitangulii ushahidi. Sikilizeni kwanza maisha ya mtu huyu, kisha tutasema." Nanyi wasikilizaji twawaomba vivyo hivyo.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe. Katika nchi za baridi maji ya maziwa huganda wakati wa kipupwe, na tangu zamani watu wa huko walijifunza kuteleza juu yake. Siku hizi barafu hutengenezwa ndani ya majumba makubwa. Chini ya sakafu hupitishwa mabomba yenye maji maalumu ya baridi kali, na maji yanayomwagwa juu ya sakafu hiyo huganda, kwa kanuni ile ile iendeshayo jokofu la kutunzia dawa katika zahanati zetu. Uwanja wa mashindano makubwa huwa na urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Mchezaji huvaa kiatu kigumu chenye ubao mwembamba wa chuma chini yake, mfano wa kisu, ambao unene wake ni kama milimita 4 tu. Juu ya chuma hicho huenda mbele, huenda nyuma, huzunguka na kuruka.

Mtu mmoja akiteleza peke yake, hilo ni jambo gumu. Lakini katika mchezo wa wawili wawili, mwanamume humwinua mwenzake juu ya kichwa chake, mara nyingine kwa mkono mmoja, huku yeye mwenyewe akiendelea kuteleza na kuzunguka. Tena humrusha hewani. Naye mwanamke hujizungusha mara tatu kwa muda usiozidi sekunde moja, kisha hutua mita kadhaa mbali, kwa mguu mmoja, akienda kinyumenyume. Tena husimama mwanamume kama nguzo, akamshika mwenzake mkono, na mwanamke akamzunguka akiwa amelala, kichwa chake kikikaribia kugusa barafu. Hayo yote hufanywa kwa kufuata ngoma na zeze za muziki, na waamuzi huketi kandokando wakiandika alama. Hutazama wepesi wa jambo na ugumu wake, hutazama pia kama wawili wale wanaonekana mmoja. Mchezo huu uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1908, mjini London, na washindi wa kwanza walikuwa Wajerumani, Anna Hübler na Heinrich Burger.

Mtu asidhani kwamba mwanamke katika mchezo huu ni mzigo tu. Akirushwa, ni yeye anayejizungusha, na ni yeye anayetua. Mwanamume akimrusha vibaya, hawezi kuyarudisha yaliyopita. Na mwanamke akiogopa hata kidogo kabla ya kurushwa, mwili wake hukaza na jambo huharibika. Kwa hiyo kila mmoja humkabidhi mwenziwe mifupa yake.

Sasa tuje kwa mtu wetu. Nchi ya Ujerumani si ngeni katika masimulizi ya Morogoro. Wazee waliwaita watu wake Wadachi, na reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1907. Walikuja kututawala, na habari za utawala ule ni chungu. Miaka mingi baadaye, nchi yetu ilipokwisha kujitawala, njia iligeuka: vijana wa Tanzania walisafiri kwenda huko, si kwa kutawala wala kutawaliwa, bali kwa kusoma. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imegawanyika nchi mbili, ya Mashariki na ya Magharibi.

Katika Ujerumani ya Mashariki, karibu na Bahari ya Baltiki, upo mji wa Greifswald, wenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1456. Mjini humo, tarehe 14 Julai 1979, alizaliwa Robin Szolkowy. Baba yake ni daktari Mtanzania, na mama yake ni Mjerumani. Mtoto alikulia katika nchi ya mama yake, akaanza kuteleza juu ya barafu angali mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka 11, mwezi wa Oktoba mwaka 1990, nchi aliyozaliwa ilikoma kuwako, kwa maana Ujerumani mbili ziliungana zikawa moja. Mambo mengi yalibadilika, lakini barafu haikubadilika, naye aliendelea na kazi yake.

Mwanzo aliteleza peke yake, baadaye akaingia katika mchezo wa wawili. Mwaka 2001 alikuwa bingwa wa Ujerumani pamoja na Claudia Rauschenbach. Lakini ubingwa wa nchi moja ni hatua tu, na wawili hao hawakudumu pamoja. Hapo Robin alikuwa na nguvu na ufundi, lakini hakuwa na mwenzi. Na katika mchezo huu mtu asiye na mwenzi ni kama mchukuzi mmoja aliyesimama mbele ya machela.

Wakati huo huo, katika nchi ya Ukraine, alikuwako msichana aitwaye Aliona Savchenko, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1984 katika mji wa Obukhiv, karibu na Kyiv. Yeye na mwenzake Stanislav Morozov walikuwa mabingwa wa dunia wa vijana mwaka 2000, na mwaka 2002 walishiriki katika Olimpiki, wakawa wa 15. Kisha naye akabaki bila mwenzi. Mwaka 2003 alikuja katika mji wa Chemnitz, Ujerumani, kujaribu kuteleza pamoja na Robin. Yeye alikuwa na miaka 19. Robin alikuwa akitimiza 24. Hawakuzaliwa nchi moja, wala lugha ya mama zao haikuwa moja. Walichokuwa nacho pamoja ni barafu na mwalimu.

Mwalimu huyo ni Ingo Steuer. Naye katika ujana wake alikuwa bingwa wa dunia, mwaka 1997, pamoja na Mandy Wötzel, na mwaka 1998 walipata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Alijua njia, maana aliipita kwa miguu yake.

Mwaka 2004 wanafunzi wake wakawa mabingwa wa Ujerumani. Lakini likatokea jambo la sheria. Mtu hawezi kuiwakilisha nchi katika Olimpiki kama si raia wake, na Aliona alikuwa bado ni raia wa Ukraine. Walifanya kazi kila siku bila kujua kama mlango utafunguliwa. Uraia ulipatikana mwishoni mwa mwaka 2005, na wiki chache baadaye, mwezi wa Februari 2006, walisimama katika Olimpiki ya Torino, Italia, wakawa wa 6.

Tangu hapo walianza kupanda. Mwezi wa Januari mwaka 2007, mjini Warsaw, walipata ubingwa wa Ulaya, na mwaka huo huo, mjini Tokyo, wakawa wa tatu duniani. Mwaka 2008, mjini Gothenburg katika nchi ya Sweden, wakawa mabingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Na mwaka 2009, mjini Los Angeles, Marekani, wakaulinda ubingwa wao. Ubingwa wa Ulaya nao walikuwa nao katika miaka hiyo mitatu mfululizo.

Ikaja Olimpiki ya mwaka 2010, mjini Vancouver, Kanada. Mabingwa wa dunia mara mbili walikwenda wakitazamiwa kushinda. Muziki waliouchagua kwa siku ya pili ulikuwa wa filamu iliyotoka mwaka 1985, inayosimulia maisha ya Karen Blixen, mama wa Kidenishi aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong, nchini Kenya. Muziki huo ulitungwa na Mwingereza, John Barry. Wasomaji wengi wa habari hii hufurahi wakidhani ya kwamba hapo Afrika ilicheza. Sisi twasema, tusidanganyike: muziki wa filamu si ngoma ya Waluguru, na mtu hawi wa mahali fulani kwa sababu ya wimbo uliopigwa. Mambo yaliyotokea ndiyo yenye mafundisho. Robin aliruka, akaanguka. Dhahabu ilikwenda kwa Wachina Shen Xue na Zhao Hongbo, fedha kwa Pang Qing na Tong Jian, Wachina pia. Aliona na Robin wakapata shaba.

Mwezi uliofuata, katika mashindano ya dunia mjini Torino, wakawa wa pili. Ubingwa wao ukaondoka.

Hapa, wasikilizaji, ndipo pa kusimama kidogo. Wengi wetu twajua kushirikiana wakati wa mavuno. Mahindi yakiwa mengi, kila mtu ni ndugu. Lakini mwaka wa njaa ukiingia, au biashara ya duka ikianguka, neno la kwanza ni hili: "Ni nani aliyeharibu?" Waume na wake huachana kwa neno hilo, ndugu hugawana mashamba kwa neno hilo. Wawili hawa walikuwa na kila sababu ya kulisema. Mmoja alikuwa ameanguka mbele ya dunia nzima, na mwenzake alikosa dhahabu aliyoitafuta tangu utoto. Nao hawakuachana, wakarudi Chemnitz kufanya kazi. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwaka 2011 walichukua tena ubingwa wa Ulaya, mjini Bern, na ubingwa wa dunia, mjini Moscow. Mwanzoni mwa mwaka 2012 Aliona aliumia, hata ikawalazimu kuyaacha mashindano ya Ulaya. Lakini mwezi wa Machi walikwenda Nice, Ufaransa, kutetea ubingwa wa dunia. Walipata alama 201.49. Warusi Tatiana Volosozhar na Maxim Trankov walipata 201.38. Tazameni tofauti hiyo: haifiki hata sehemu moja ya nane ya alama moja. Mkono ukilegea kidogo tu, au mguu ukigusa barafu pasipotakiwa, hapana ubingwa. Mwanafunzi anayesema, "Kosa dogo si kitu," na aikumbuke hesabu hii.

Mwaka 2013 walishindwa na Warusi hao hao, wakawa wa pili duniani. Mwaka 2014 ikafika Olimpiki ya Sochi, katika nchi ya Urusi. Siku ya kwanza walikuwa wa pili. Siku ya pili Robin alianguka katika kuruka. Na mwishoni kabisa, walipojaribu jambo gumu kupita yote, kumrusha Aliona azunguke mara tatu na nusu, yeye naye akaanguka. Wakapata shaba tena. Dhahabu ya Olimpiki, ambayo kwa ajili yake walikuwa wamefanya kazi zaidi ya miaka kumi, hawakuipata pamoja.

Ingeliwezekana kuishia hapo, na hapana mtu ambaye angewalaumu. Lakini mwezi wa Machi mwaka huo huo waliingia tena uwanjani, mjini Saitama, Japani, wakashinda, na huo ukawa ubingwa wao wa tano wa dunia. Baada ya hapo Robin aliacha mashindano, akiwa na umri wa miaka 34.

Aliona hakuacha. Alimpata mwenzi mwingine, Mfaransa Bruno Massot, akaanza naye upya. Robin akawa mwalimu, akasaidia kuwafundisha Warusi wawili, Evgenia Tarasova na Vladimir Morozov, waliokuwa mabingwa wa Ulaya mwaka 2017 na 2018. Basi katika Olimpiki ya mwaka 2018, mjini Pyeongchang, nchi ya Korea, mwanafunzi wa Robin na mwenzi wa zamani wa Robin walishindana. Siku ya kwanza Warusi walikuwa wa pili, na Aliona na Bruno wa nne. Siku ya pili Aliona na Bruno waliwapita wote, wakachukua dhahabu, na Warusi wakawa wa nne. Aliona alipata alichokitafuta, akiwa na umri wa miaka 34, umri ule ule ambao Robin aliacha.

Je, tuseme miaka ile kumi na mmoja ya Aliona na Robin ilikuwa bure, kwa kuwa dhahabu ya Olimpiki ilikuja kwa mkono wa mwingine? Sisi twakataa. Mama aliyechukuliwa kwa machela hupokezanwa njiani. Wachukuzi wa kwanza huchoka, wengine hushika mahali pao, na hao wa mwisho ndio wanaoonekana mlangoni pa hospitali. Lakini ni nani atakayesema ya kwamba wale waliomtoa mlimani, palipo na utelezi mwingi, hawakumfikisha?

Sasa twarudi kwa ugomvi wa wanafunzi wetu. Je, Robin Szolkowy ni wetu?

Waluguru wana jibu ambalo wengine hawana. Kwao ukoo hufuatwa kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo huipata kwa njia hiyo. Baba ni baba, huheshimiwa, wala hapana amwitaye mgeni. Lakini ukoo wa baba hauji kudai mavuno ya shamba ambalo haukulima. Kwa sheria hiyo, Robin ni wa ukoo wa mama yake, yaani wa Ujerumani. Nchi ile ilimlea, ikampa barafu, ikampa mwalimu, ikaandika jina lake chini ya bendera yake. Sifa ya kazi ni ya wale walioifanya.

Lakini wale wanafunzi waliosema, "Si wetu hata kidogo," nao tuliwakemea. Jamaa wa upande wa baba huwa na haki moja ambayo hapana awezaye kuwanyang'anya, nayo ni kufurahi. Na huwa na wajibu mmoja, nao ni kumjua mtoto: kujua jina lake, kujua alipita wapi, aliangukia wapi, na aliinukaje. Kujivunia damu bila kujua kazi ni majivuno matupu. Kuijua kazi ni heshima, hata kama hatukuwa na fungu ndani yake.

Nasi twaweza kuzidi hapo. Katika darasa letu walikuwako wawili waliogombana vikali kuliko wote kwa ajili ya neno hili, hata wakaacha kusoma pamoja, nao huko nyuma walikuwa wakisaidiana, mmoja mwepesi wa hesabu na mwingine mwepesi wa lugha. Tulipomaliza kuwasimulia habari hizi, hatukuwahukumu. Tuliwauliza neno moja tu: "Mmegombana kwa ajili ya mtu ambaye sifa yake yote ni kutomwachia mwenziwe mkono. Je, mmejifunza nini kwake?" Hawakujibu. Lakini jioni ile tuliwaona wameketi tena chini ya taa moja, kitabu kimoja mbele yao.

Ninyi mnaosikiliza, barafu hamtaiona labda maisha yenu yote. Utelezi mtauona. Utakuja katika ndoa, katika chama cha wakulima, katika shule, na katika njia ya kushuka na mgonjwa usiku wa mvua. Siku hiyo msiulize kwanza ni nani aliyeteleza. Shikeni imara, msimame, kisha mwendelee.

Kwaherini, wasikilizaji wetu, mpaka wakati mwingine.